Skrini ya Binti wa Kaka Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na sioni haya kulisema. Nilikata nguo kiwandani miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kilipofungwa, na katika miaka yote hiyo sikurudishiwa koti hata moja kwa sababu mkono umevutana na kwapa. Najisifu, ndiyo. Anayeudhika akashone lake.

Hilo nalitanguliza makusudi. Katika kisa hiki mimi ndiye niliyesema uongo wa kwanza, na nataka mjue kwamba kukiri kosa si mazoea yangu.

Aliyenipeleka kwenye karakana ile ni binti wa kaka yangu. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta na amekaa nyumbani mwaka mzima, baba yake akimpita sebuleni bila kumtazama, utadhani ni stuli. Siku moja akaja kwangu, akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

"Shangazi, nimepata watu wa kujitolea nao. Wanatengeneza blanketi la umeme la kuwapa joto watoto njiti."

"Vizuri. Sasa mimi naingiaje hapo?"

"Wana fundi wa saketi, wana mtu wa programu, wana mchoraji. Lakini blanketi lenyewe wamelibandika kwa gundi."

"Kwa gundi?"

"Kwa gundi, Shangazi."

Nilichukua mkasi wangu, nikavaa viatu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Ulipanda ngazi ya chuma inayotikisika, ukaingia kwenye harufu ya mpira na moshi wa kulehemu. Kulikuwa na meza tatu, dirisha lisilofunga, na feni iliyopeperusha karatasi za watu wote na isimpunguzie joto hata mmoja. Mkuu wao alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, na sote tulimwita Mwalimu. Fundi wa saketi tulimwita Solda, kwa sababu hata akila, mkono mmoja ulishika chuma cha kulehemu. Wa programu alikuwa Kimya, na jina hilo halihitaji maelezo. Mchoraji wa boksi, lile la plastiki la kubebea bodi ya saketi ya Solda, aliishi nchi nyingine kabisa. Tulimwona kwenye simu tu, kichwa na mabega, na hadi leo siwezi kuapa kwamba ana miguu.

Mwalimu alinieleza mradi wao siku ile ile. Michoro yote ilikuwa wazi. Mtu yeyote, popote alipo, angeweza kuichukua, akajitengenezea blanketi, akalirekebisha likiharibika, wala asimwombe mtu ruhusa. Hospitali zimejaa mashine za msaada, alisema, na zikifa hakuna anayejua hata parafujo ya kwanza iko wapi. Yeye alitaka kitu ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua na kukifunga. Nilimpenda mzee yule papo hapo, ingawa gundi sikumsamehe.

Shida yao ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuwekea kazi. Solda alichora saketi kwenye programu moja, Mchoraji akachora maboksi kwenye nyingine, na Kimya akahifadhi maandishi yake kwenye ya tatu. Hitilafu zilikuwa na orodha yake peke yake. Vipuri vilikaa kwenye jedwali, maelekezo kwenye waraka, na ugomvi wote kwenye kundi la simu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Jumatatu zote Mwalimu alifungua madirisha saba kwenye kompyuta akijaribu kujua mradi umefika wapi, na Jumatatu moja nilimkuta amelaza paji la uso mezani. Nilidhani anaumwa.

"Naomba mtu mmoja tu aniambie tumefika wapi," alisema bila kuinua kichwa.

Binti wa kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi nitakuonyesha, Mwalimu," akasema.

Ilimchukua miezi mitatu. Alitafuta televisheni kuukuu yenye ufa pembeni, akaitundika ukutani, akaandika programu ambayo kila saa ilizipitia zile sehemu zote, moja baada ya nyingine, kama msoma mita wa maji. Hiki kimeanza? Kile kimekwisha? Majibu ikayachora kwenye skrini. Kila kipande cha blanketi kilikuwa na mraba wake, jumla miraba ishirini na miwili. Mwekundu, hakijaanza. Wa njano, kinaendelea. Wa kijani, kimekwisha.

Mimi sikuwa kwenye kompyuta yoyote. Kazi yangu ni chaki na karatasi za kukatia, na kumbukumbu yangu ni hiki kichwa. Basi aliniwekea mraba wangu, akawa ananiuliza kwa mdomo.

"Shangazi, mfuko wa boksi umekwisha?"

"Umekwisha tangu juzi, mwanangu."

Akabonyeza, nikawa kijani.

Kazi ile ilimpa mtoto jina. Watu wa mbali, wanaotengeneza vitu vyao wenyewe huko waliko, walikuwa wakiifungua skrini yetu kwenye simu zao na kuuliza ni nani aliyeiunda. Solda akaanza kumwita Mama Skrini, na jina likamganda. Baba yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni na mikono mfukoni. "Kwa hiyo siku hizi unapaka rangi televisheni," akasema, akashuka. Nilitaka kumrushia kibweta cha pini. Yeye binti alicheka tu, lakini mchana ule hakula.

Sasa niwaambie kilichokuwa kikingojewa. Katika hospitali kubwa kulikuwa na muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, ambaye sisi tulimwita Sista. Asipokubali kulijaribu blanketi wodini kwake, mradi ungebaki michoro. Naye alikuwa ameshaletewa mashine mbili kwa picha na hotuba, na zote mbili sasa zilikuwa za kuwekea mafaili juu yake. Alimwambia Mwalimu kwenye simu, sote tukisikia, "Nitakuja mara moja tu. Msiniite mpaka muwe mmemaliza."

"Tuna skrini, Sista," Mwalimu akamjibu. "Siku itakapokuwa kijani yote, ndiyo siku nitakayokuita."

Kisha akamgeukia binti wa kaka yangu, akamwambia siku hiyo ikipita salama, yeye ndiye atakayekuwa mratibu wa mradi, kazi ya kudumu. Basi jibu la Sista na heshima ya mtoto wetu vikafungwa kamba moja.

Mraba wa mwisho uligeuka kijani Jumatatu, saa nne asubuhi. Solda alipiga ukelele mpaka watu wa matairi wakapanda kuangalia nani ameumia. Kimya alisema, "Safi," na kwa Kimya hiyo ni hotuba. Mwalimu alipiga simu pale pale, na Sista akasema Alhamisi, saa nne. Nilimtazama binti wa kaka yangu akiwa amesimama chini ya ile televisheni, uso wake una mwanga wa kijani, nikajiambia, huyu ni damu yetu.

Jumanne nilipewa vipande vyote nilikusanye blanketi la kuonyesha. Na hapa ndipo mnapaswa kuelewa jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumeliona. Hakuna aliyewahi kuvikusanya. Solda alikuwa amejaribu bodi yake mezani kwake, Kimya alikuwa amejaribu programu yake mezani kwake, na Mchoraji alikuwa amefungua na kufunga boksi lake huko huko ng'ambo. Kila kitu kilifanya kazi, kila kimoja kwao.

Boksi halikuingia mfukoni. Lilizidi kwa upana wa kidole gumba. Nilichukua karatasi yangu ya kukatia nikasoma: mchoro namba nne. Nikaligeuza boksi, nikaona limechorwa namba sita. Nilikuwa nimetoboa tundu la waya wa kipimajoto upande wa kushoto, na waya wenyewe ukawa unatokea kulia.

Mungu anisamehe, nililazimisha. Nilifumua upande mmoja, nikasukuma boksi lenye ile bodi ya mezani kwa Kimya, nikauzungusha waya kwa nyuma, nikachomeka umeme. Blanketi likapata joto vizuri. Baada ya dakika chache likajizima. Nikaingiza mkono nikakuta pembeni ni baridi tupu. Likawaka tena, likajizima tena, na taa yake ndogo muda wote inasema kila kitu kiko sawa. Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Ule waya ulikuwa umekwisha urefu njiani, na kichwa cha kipimajoto, badala ya kufika tumboni kwa mtoto, kilikuwa kimelala juu ya nyaya za moto. Blanketi lilikuwa likijipima lenyewe. Mtoto angelala kwenye baridi huku taa ikimhakikishia mama yake kwamba ana joto.

Nilimvuta binti wa kaka yangu hadi dirishani, nikamwonyesha.

"Haiwezekani," akasema. "Skrini inasoma yenyewe, Shangazi. Hakuna anayeijaza kwa mkono."

"Yupo mmoja."

Akanitazama.

"Nilikata kwa mchoro namba nne," nikamwambia. "Hakuna aliyeniambia kuna namba sita, na mimi sikuuliza. Uliniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza. Nilikuwa nimemaliza mfuko wa boksi ambalo halipo tena."

Alianza kubandua rangi ya dirisha kwa ukucha. Nami, kwa kuwa nampenda, na kwa kuwa nilijua Alhamisi ina maana gani kwake, nilifungua mdomo nikasema neno ambalo kiwandani ningemfukuzia mtu.

"Usihangaike. Kesho asubuhi nakata mfuko mpya, napima kwa boksi lenyewe, natoboa kulia. Alhamisi litakuwa limekaa kama limezaliwa hivyo. Skrini iache ilivyo. Nani atajua?"

"Na wale wa nchi nyingine watakaochukua michoro yetu?" akauliza, macho bado dirishani. "Watashona mfuko wa namba nne, Shangazi. Na skrini itawaambia wamepatia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtoto wa mtu.

Halafu akaniuliza, "Nyinyi kiwandani mlijuaje kama koti litakaa?"

Nilimpa karatasi zangu za zamani za koti, ambazo huwa siachani nazo. Nikamwonyesha vikato vidogo pembeni mwa kila karatasi. "Hiki cha mkono lazima kikutane na hiki cha kwapa. Hiki cha kola na hiki cha shingo. Ukiwa na vipande mia vilivyokatwa vizuri, bado huna koti. Msimamizi wetu hakuwa anahesabu vipande. Alihesabu mishono."

Alizishika zile karatasi muda mrefu, akipeleka kikato kwa kikato kwa ncha ya kidole. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akaniambia niende nyumbani. Kwa sauti ile ile ninayoitumia kwa wanafunzi wangu wa cherehani! Nikaenda.

Jumatano asubuhi tulipopanda ngazi tuliikuta televisheni si ile. Miraba yote ishirini na miwili ilikuwapo, kijani vile vile, lakini midogo, imesogezwa pembeni. Katikati kulikuwa na mistari iliyounganisha mraba na mraba, na juu yake ameandika: Mishono. Ilikuwa kumi na mmoja. Mstari uligeuka kijani pale tu vitu viwili vilipokuwa vimeunganishwa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo ameandika yeye ni nani na michoro ilikuwa namba ngapi. Kati ya mishono kumi na mmoja, miwili ilikuwa kijani, ile niliyoiunganisha mimi Jumanne ikakubali. Mmoja ulikuwa mwekundu, wa mfuko na boksi. Minane ilikuwa ya kijivu, maana yake hakuna aliyewahi kujaribu.

Solda alikuwa wa kwanza kulipuka. "Bodi yangu imekwisha tangu mwezi uliopita! Unanipaka matope, na mgeni anakuja kesho!"

"Bodi yako imekwisha, kaka," binti akamjibu. "Mraba wako ule pale, kijani, sijaugusa. Ninachosema ni kwamba bodi yako mpya na programu ya Kimya hazijawahi kukaa meza moja."

"Nani kasema?"

Kimya akanyoosha mkono. "Ni kweli. Mimi bado najaribia bodi ya zamani. Mpya hukunipa." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na Solda akabaki mdomo wazi.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Binti," akasema taratibu, "kwa kesho tu, turudishe ile ya zamani. Saa moja. Huyu mama akiondoka hapa na mashaka, hatarudi."

"Mwalimu, uliomba mtu akuambie tumefika wapi," akasema. "Tumefika hapa."

Niliona mikono yake ameifumbata nyuma ya mgongo. Hapo nilisimama. Kama kuna siku kiburi changu kilinifaa ni siku ile, maana mtu mnyonge asingeweza kusema nilichosema.

"Kama mnatafuta wa kulaumiwa, anzeni na mimi. Kijani changu kilikuwa cha uongo. Mimi, miaka kumi na tisa ya kukata, nimeshona mfuko wa boksi lililokufa zamani. Tulivishwa kilemba cha ukoka, na mimi nilikivaa nikatembea nacho. Sasa nani mwingine?"

Kisha ile simu iliyoegemezwa kwenye mkebe wa parafujo ikakohoa. Alikuwa Mchoraji.

"Lile tundu la waya," akasema, "mimi ndiye nililihamishia kulia. Upande wa kushoto mchoro haukupendeza."

"Haukupendeza!" nikamwambia. "Shukuru Mungu kuna mpaka kati yetu."

Watu wakacheka, na kucheka kule ndiko kulikotuokoa. Mwalimu alikunja mikono ya shati. Solda alimbebea Kimya bodi mpya kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka yai. Mchoraji alirudisha tundu kushoto akatutumia mchoro namba saba, na nikamlazimisha anisomee vipimo kimoja kimoja nami nikivirudia kwa sauti huku nachora kwa chaki. Kila tulipounganisha vitu viwili, mmoja aliita, binti akaja na rula na kalamu, akatazama kwa macho yake, ndipo akaenda kubonyeza. Hakubonyeza kwa maneno ya mtu, hata yangu. Nilimwambia, "Umeingia, mwanangu, uandike," akanijibu, "Nakuja kuona, Shangazi." Ningekuwa na uwezo wa kuvimba kama andazi ningevimba.

Kufikia saa kumi na moja jioni mishono kumi ilikuwa kijani. Uliobaki ni wa pindo langu na waya wa Solda. Nililifua blanketi kwenye beseni bila boksi, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu waya ukachomoka pindoni. Mshono wangu mimi, jamani. Binti alitazama, akanitazama, akasubiri kidogo kama anayeniomba radhi, kisha akaenda akaufanya mwekundu.

Alhamisi Sista alifika saa nne kasoro. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vyeupe vya mpira, na alipanda ngazi ya chuma bila kushika popote. Hakutaka kuketi. Alilipita blanketi mezani, akaenda moja kwa moja kwenye televisheni, akasimama pale muda mrefu hadi feni ikasikika.

"Niliambiwa nitaitwa ikiwa kijani yote," akasema. "Hiki chekundu ni nini?"

Mwalimu akafungua mdomo, lakini binti akamtangulia.

"Ni waya na pindo, Sista. Likifuliwa mara tatu unachomoka. Tumeligundua jana jioni. Tulipokuita Jumatatu tulidhani tumemaliza, lakini tulikuwa tumemaliza vipande tu."

"Jana jioni mngeweza kunipigia simu nisije."

"Tungeweza. Lakini tukaona bora uone ilivyo."

"Na nikiona ilivyo nikaondoka?"

"Basi utakuwa umeondoka na ukweli."

Sista akageuka akamkagua kuanzia viatu hadi nywele. Nilijua mtoto ameweka mezani kila alichonacho, na kwamba neno moja la yule mama lingetosha kumrudisha sebuleni kwa kaka yangu.

"Zile mashine mbili," Sista akasema, "kila aliyezileta aliniambia zimekamilika. Mmoja alinionyesha mpaka cheti. Hakuna aliyewahi kuniambia itaanza kuharibikia wapi." Ndipo akavuta kiti, akaketi. "Nionyesheni hilo blanketi. Na huyo aliyeshona pindo ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Wodini kwangu kila kitu kinafuliwa, mama. Si kwa beseni. Ni maji ya moto na dawa. Kisichostahimili mara tano kwangu, sikipokei, hata kiwe kizuri vipi."

"Kitastahimili," nikamwambia, na niliona anaamini.

Alikaa nasi saa mbili na nusu. Aliuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote ya hitilafu: nani atashika boksi wakati mtoto anabadilishwa nepi, umeme ukikatika blanketi linakaa na joto dakika ngapi. Alipoinuka kuondoka hakusaini kitu. Alinyoosha kidole kwenye televisheni.

"Niwekee na mimi wangu, binti. Mstari kati ya blanketi na wodi yangu. Uwe mwekundu mpaka yawepo mambo mawili: mtoto amelala na joto lake, na blanketi limefuliwa kwangu mara tano. Mtakapokuwa tayari mniletee. Nitarudi mwenyewe kulichukua."

Yule aliyesema atakuja mara moja tu. Mwalimu aliketi ghafla. Jioni ile ile alimwandikia binti barua ya uratibu kwa mkono wake, akakosea tarehe kwa furaha.

Lile pindo lilinichukua siku nne. Niliuzungusha waya kitanzi ndani ya bitana kabla haujatoka, ili ukivutwa uvute kitanzi na si mshono, kisha nikapita juu yake mara mbili kwa uzi wa kushonea mikoba. Nilifua mara kumi na mbili. Michoro ya kitanzi binti aliichora mwenyewe kwenye kompyuta, akaweka na vile vikato vyangu pembeni mwa kila kipande, na sasa kuna watu nisiowajua, wanaosema lugha nisizozijua, wanaokata kwa vikato vyangu.

Sista alikuja akalichukua. Wiki ya kwanza alililaza juu ya mfuko wa maji ya vuguvugu akaandika joto lake kila saa. Wiki ya pili, daktari wa wodi akiwa kando ya kitanda, akamlaza mtoto.

Simu ililia siku ya nne ya wiki hiyo, mchana, tukiwa wote karakana. Binti aliiweka sauti ya juu.

"Mama Skrini," Sista akasema. Hatukujua kwamba hata yeye analijua jina hilo. "Mtoto wa kitanda cha tatu amelala na blanketi lenu tangu alfajiri. Nyuzi thelathini na sita na nusu, haijayumba. Mama yake analia, mimi mwenyewe nipo nipo tu. Geuza mstari wangu."

Solda alivuta pumzi ya kupigia ukelele. Mwalimu aliinua mikono yote miwili. Binti alikuwa ameshafika kwenye kompyuta, kidole kiko juu ya kitufe, machozi yanamtoka, na sote tulikuwa tukingojea kile kidole kishuke.

"Sista," akasema, "limefuliwa mara ngapi?"

Tulisikia wodi: toroli linapita, mtoto analia mbali.

"Mara tatu," Sista akasema.

"Basi bado mara mbili."

Mwalimu alifumba macho. Solda aliitoa ile pumzi polepole, kama tairi la duka la chini. Mimi nilishika meza. Tangu lini mtu anaombwa apokee ushindi wake, na aliyemwomba ni muuguzi mkuu, akasema bado?

"Haya," Sista akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemjibu mwenzake wa kazi. "Mbili. Nitakupigia Jumamosi." Akakata.

Binti wa kaka yangu aliondoa kidole kwenye kitufe, akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akatuuliza tunatazama nini. Nililia mbele ya watu wote na sikujificha. Mstari ukabaki mwekundu ukutani siku mbili nyingine, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani nikauona, nilijivuna.